Sanduku la imeli ni la chama, si la mtu mmoja

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Butembo na Beni. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili na wafadhili wetu walio mbali wayasome.)

Kamati imeniomba niongee juu ya imeli na makaratasi yetu tunayoweka kwenye intaneti. Najua kuna wanaosema moyoni: "Hiyo ni kazi ya karani, sisi tunataka kujua mbegu zitafika lini." Njo hiyo nimekuja kusema. Mbegu zilichelewa juu ya imeli.

Mnakumbuka msimu uliopita. Mfadhili alituandikia akiuliza vitu viwili tu: hesabu ya familia, na bei ya maharagi. Sisi tulikuwa tunangoja barua yake, yeye alikuwa anangoja jibu letu. Sisi tulisema, "Wametusahau." Yeye akafikiri, "Hawana haraka." Wiki tatu zikapita hivyo. Kumbe barua yake ilirudishwa kwake mara mbili, kwa sababu sanduku letu lilikuwa limejaa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekataa. Limejaa picha, basi. Na mvua haikutungoja.

Toka siku ile nilianza kuandika kwenye daftari kila shida tuliyopata. Leo ninawasomea zile zinazorudi mara mingi, na dawa ya kila moja.

Ya kwanza njo hiyo ya sanduku kujaa. Gmail ya bure inatoa nafasi ya giga 15. Watu mingi wanafikiri ni za barua tu. Hapana. Barua, makaratasi ya Drive na picha za telefone vyote vinakula kwenye sahani moja. Kama telefone ya karani imefungua akaunti ya chama, na inatuma picha zake zote kule yenyewe, basi picha za arusi ya dada yake zinaweza kufunga mlango wa barua za chama. Dawa: zima kule kutuma picha, futa video kubwa, kisha futa na kwenye pipa la takataka, maana kitu kilicho ndani ya pipa bado kinakula nafasi.

Na barua yako ikirudishwa, hapana kuifuta kwa hasira. Isome. Ukiona namba 550 na maneno kwamba anwani haiko, mara mingi umekosa herufi moja katika jina. Ukiona 552 au maneno ya sanduku kujaa, shida iko kwa yule unayemwandikia; mpigie simu. Barua iliyorudishwa ni kama mjumbe aliyerudi kukuambia nini amekuta kwenye mlango. Ukimfukuza bila kumsikiliza, umebaki bila habari.

Ya pili inatugusa sisi tuliorudi. Julai 2013, Kamango iliposhambuliwa, wengi walivuka mpaka mpaka Bundibugyo, na kuna waliofika Kyangwali. Wengine walikimbia nyuma, kisha mauaji yalipoanza upande wa Beni, Oktoba 2014. Kule Uganda ndiko wengi wetu tulifungua imeli yetu ya kwanza, na namba ya simu ya Uganda, ile inayoanza na +256. Tumerudi, ile karti ya simu imekufa au imepewa mtu mwingine. Siku unabadilisha telefone, Google inasema: "Tumetuma kode kwa namba yako." Kode inaenda Uganda, kwa mtu usiyemjua. Wewe uko hapa Butembo, unaangalia mlango wa nyumba yako mwenyewe na funguo hauna.

Dawa iko rahisi lakini lazima ifanywe kabla ya shida, si kisha. Leo hii, ukifika nyumbani, ingia kwenye akaunti, tafuta sehemu ya usalama, toa namba ya Uganda, weka ya +243 unayotumia. Chapisha zile kode za akiba ambazo Google inatoa, kumi kwa mara moja, uziweke pamoja na karatasi za chama. Kila kode inatumika mara moja tu. Na ukumbuke: toka Desemba 2023, Google iko na ruhusa ya kufuta akaunti ya mtu ambayo haikufunguliwa kwa miaka miwili. Kama kuna akaunti ya zamani yenye barua za ukimbizini unazozipenda, ifungue.

Ya tatu itawashangaza: saa. Mashini zingine zinafika hapa zimepangwa kwa saa ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Mtu anaona saa haiko sawa, anaisogeza kwa mkono. Machoni iko sawa sasa, lakini ndani mashini inaamini kwamba dunia nzima imesogea. Kwa telefone ni vile vile. Ile programu ya telefone inayotoa kode za kuingia inabadilisha kode kila sekunde 30, kwa kufuata saa. Saa ikipotea, kode inakataliwa, na wewe unafikiri umesahau neno la siri. Tena mashini ya zamani, betri yake ndogo ya ndani ikikufa, inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kila ukurasa unasema si salama. Dawa: chagua saa ya Lubumbashi, njo yetu huku mashariki, na uiache ijipange yenyewe kwa intaneti.

Ya nne ni ya makaratasi. Gmail haitumi mzigo unaozidi mega 25. Ukizidisha, inaweka karatasi kwenye Drive na kutuma njia ya kuifikia. Mfadhili anabonyeza, anaambiwa "omba ruhusa". Ombi linakuja kwa sanduku ambalo hakuna anayelifungua mpaka Ijumaa. Dawa ya kwanza: andika anwani ya mfadhili kwenye ruhusa kabla ya kutuma. Dawa mbaya, ile tulifanya mara moja, ni kufungulia "kila mtu mwenye njia hii". Wandugu, tufikirie. Liste yetu iko na majina ya familia, namba za simu, na kijiji ambapo kila mmoja amerudi. Katika inchi ambamo watu wanakimbia usiku, liste kama ile haiwezi kulala inje. Mtu mmoja akiituma kwa mwingine, na yule kwa mwingine, hautajua imefika wapi. Ile tuliifunga siku ile ile. Tangu sasa liste ya majina inafunguliwa kwa watu waliotajwa tu, na wafadhili wanapata hesabu bila majina.

Ya tano ni namba, na hii karibu ituletee matusi. Mashini zetu zinaongea Kifaransa. Za wafadhili mingi zinaongea Kiingereza. Kwa Kifaransa, mukato njo unatenga senti; kwa Kiingereza ni nukta. Mtunza-feza wetu aliandika 1.500, yaani elfu moja mia tano. Kwenye jedwali lililopangwa kwa Kiingereza, hiyo ni moja na nusu. Kwenye lile la Kifaransa, mashini inaona ni maneno tu, haijumlishi, na haisemi kitu. Jumla inatoka ndogo, na mtu anayesoma kule mbali anauliza feza zimeenda wapi. Mama wa watu amekaa kwenye kiti hiki akilia, na hata franga moja hakuchukua. Dawa: andika 1500, bila nukta wala mukato wa elfu. Angalia ubavu: namba ya kweli inasimama kulia, maneno yanasimama kushoto. Na tarehe, andika mwezi kwa jina. 05/03 kwetu ni tarehe tano Machi; kwa Mmarekani ni tatu Mei.

Ya mwisho si kosa la mashini, ni mwizi. Mwizi wa siku hizi akiingia kwenye sanduku lako, havunji kitu. Ananyamaza anasoma. Anaweka amri ya siri kwamba kila barua itumwe na kwake. Siku anaona feza ziko karibu kutumwa, anaandika kwa jina letu: "Tumebadilisha benki, tumeni kwa namba hii." Hatudanganyi kwa kuogopesha watu: mwaka 2023, FBI ya Marekani ilipokea malalamiko ya wizi wa namna hii yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2,9. Waliolizwa kule ni watu wenye maofisi makubwa. Sisi tunafungulia imeli kwenye sibere, kisha mvua inaanza, tunakimbilia moto bila kufunga akaunti.

Kwa hiyo, kila mara ukibadilisha neno la siri, ingia pia kwenye mapangilio uangalie kama kuna anwani usiyoijua inayopokea barua zako. Bila hiyo, umebadilisha kufuli na mwizi bado yuko chini ya kitanda. Na ninyi wafadhili mnaosoma, tunawaomba kwa heshima: mkipata barua yetu yenye namba mpya ya benki, hapana kutuma. Pigeni kwa namba mliyokuwa nayo zamani, msikie sauti mnayoijua. Hatutakasirika kamwe kwa kuulizwa.

Sasa mkiangalia shida hizi sita, nyingi ziko na mzizi mumoja. Akaunti ilikuwa ya mtu. Namba ya mtu, telefone ya mtu, picha za mtu. Huyo mtu akisafiri kwenda Beni, chama kinakuwa bubu Butembo. Akihama, anahama na barua zetu zote. Hatusemi karani ni mbaya. Tumembebesha mzigo wa watu wote peke yake.

Njo maana kamati inawaletea mambo matatu, tuyakubali au tuyakatae leo. Moja: akaunti iwe na namba ya simu ya chama, karti ikae kwenye sanduku la feza. Mbili: watu watatu wajue kuingia, mmoja wao akae Beni, na mmoja awe mama. Tatu: kila Jumamosi, wawili pamoja wafungue sanduku, wasome hata barua zilizoanguka kwenye spamu, waandike kwenye daftari nini kimejibiwa na nini kinangoja.

Mega za Jumamosi zitatoka kwenye mchango wetu. Ni franga kidogo. Mkizipima na zile wiki tatu za msimu uliopita, mtaona wenyewe. Nani ana ulizo?