Vijana na Vitu vya Anasa: Tuulize Kabla ya Kulaumu

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Katika usharika wetu mmoja, kijana aliyekopeshwa fedha za mradi wa kuku alinunua simu ya bei kubwa. Kamati ikataka kumwondoa kikundini, ikisema vijana wa siku hizi wanapenda anasa tu. Naomba tulitazame jambo hili kwa upana, maana kitu kilekile hakina maana moja kila mahali.

Mwaka 1998 watafiti Nancy Wong na Aaron Ahuvia walieleza kuwa mtu wa nchi za Magharibi hununua kitu cha anasa akifuata zaidi ladha yake mwenyewe. Katika jamii za Asia zenye mapokeo ya Konfusio, hununua zaidi kwa kulinda heshima ya familia. Saa ya dhahabu mkononi mwa kijana yaweza kuwa inamsemea baba yake.

Huko Japani, mwaka 1999, mwanasosholojia Masahiro Yamada aliandika juu ya vijana wasio na ndoa wanaoishi kwa wazazi. Kwa kuwa hawakulipa pango, mshahara uliwatosha kununua mikoba ya kifahari na kusafiri.

Karibu nasi, Brazzaville na Kinshasa, wako vijana waitwao sapeurs. Wengi wanatoka mitaa ya watu wa hali ya chini, lakini huvaa suti na viatu vya Paris, wengine kwa kuazimana. Kwao vazi ni njia ya kudai heshima ambayo mfuko haukuwapa.

Basi tulimwita yule kijana. Alisema kwamba tangu arudi kutoka mjini, wenzake walimhesabu kuwa ameshindwa maisha. Simu ndiyo ilikuwa jibu lake.

Deni hatukulifuta. Analipa kidogo kidogo kila mwezi, na bado ni mwanakikundi. Wajumbe wawili hawakukubaliana nasi hadi leo, nami nawaelewa, kwa sababu fedha ile ni ya watu wote.

Ninachoomba ni hiki: kabla ya kumhukumu kijana, tumwulize kitu hicho kinamsemea nini. Tena tumpe kazi yenye heshima kikundini, ili asilazimike kuinunua heshima dukani.