Kabla ya Kulipia Kifaa cha Taya

Maumivu ya kiungo cha taya, pale mbele ya sikio panapocheza unapopiga mwayo, mara nyingi hutibiwa kwa kifaa cha plastiki ngumu kinachovishwa juu ya meno usiku. Hoja yake inaingia akilini: meno yasipogusana, misuli itapumzika. Ushahidi, hata hivyo, haujaiunga mkono vya kutosha. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya, na kwa wagonjwa wengi likashauri kifaa hiki kisitumike. Vilivyopendekezwa kwa nguvu ni mazoezi ya taya, kukandwa misuli na mtaalamu, na tiba ya kisaikolojia ya kukabili maumivu. Hivi ni vitu visivyouzwa kwa boksi, labda ndiyo maana havitangazwi sana.

Anayesema "mbona mimi kilinisaidia?" hasemi uongo. Maumivu haya hupanda na kushuka, na wengi hupata nafuu bila tiba kubwa; kifaa kikivaliwa siku za makali, nafuu ikija kinapewa sifa zote. Anayesaga meno usingizini ana sababu nyingine halali ya kukivaa: kinazuia meno yasilike. Ninachopinga ni kuanza na kifaa hicho, na zaidi kuchonga meno au kuvaa kifaa kinachoyahamisha kabisa, maana hapo hakuna kurudi nyuma. Anza na vyakula laini, kitambaa chenye uvuguvugu shavuni, acha bazoka, na ukitulia midomo ifungwe huku meno yameachana. Taya likikwama wazi, au uso ukivimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.