SAMADI YA KUKU NA VIJIDUDU SUGU
Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa mboga



Leo nataka kuwaeleza habari za samadi ya kuku, kwa kuwa wengi wetu huitia katika bustani za mboga. Samadi hii ni njema kwa udongo, lakini yaweza kubeba vijidudu ambavyo dawa za hospitali haziviwezi.

Vijidudu hivyo hutokeaje? Nyote mwajua habari ya mbegu. Mwaka wa jua kali, mihindi iliyovumilia ndiyo itoayo mbegu ya mwaka ujao. Dawa za kuua bakteria nazo huchagua vivyo hivyo. Mfugaji akitia tetrasaiklini kidogo kidogo katika maji ya kuku, ama akiikatiza kabla ya siku zake, bakteria dhaifu hufa, na walio sugu hubaki na kuzaana. Tena bakteria sugu aweza kumpa mwenzake usugu huo, hata akiwa wa aina nyingine.

Jambo hili limekwisha kuonekana. Huko China nguruwe walikuwa wakipewa dawa iitwayo kolistini ili wanenepe upesi. Dawa hiyo ndiyo madaktari huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba bakteria wenye usugu mpya juu ya kolistini wameonekana katika nguruwe, katika nyama ya kuuzwa, na katika wagonjwa. Mwaka 2017 Serikali ya China ilikataza dawa hiyo isitumiwe kunenepesha mifugo, na baadaye usugu huo ukapungua. Basi mwaona kwamba kazi ya mfugaji yaweza kuharibu dawa, na yaweza kuiokoa.

Fanyeni hivi:

1. Msiwape kuku dawa hizi ili wakue upesi. Mdondo huletwa na virusi, wala dawa za bakteria haziuponyi. Kinga yake ni chanjo.

2. Kuku wakiugua, mwiteni Bwana Mifugo. Dawa atakayoitoa itumieni kwa kipimo chake na kwa siku zote. Msile wala msiuze mayai au nyama mpaka siku za kungoja zilizoandikwa juu ya chupa zimekwisha.

3. Samadi changanyeni na majani makavu, mkaifanye lundo. Lundo likipata moto, ligeuzeni mara kwa mara ili ya nje iingie ndani. Joto hilo huua bakteria wengi, ingawa si wote. Samadi mbichi ifukiwe udongoni si chini ya miezi minne kabla ya kuvuna mboga zinazoliwa bila kupikwa.

4. Mkishika kuku au samadi, naweni mikono kwa sabuni. Mboga zioshwe kwa maji safi.

Kumbukeni kwamba dawa za kuku na dawa za watu mara nyingi ni za jamaa moja. Zikishindwa bandani, siku mtoto atakapopelekwa hospitali huenda zikashindwa huko pia.