Usalama wa Ndege na Staha ya Abiria

Siku ya Krismasi mwaka 2009, kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alijaribu kulipua ndege iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Detroit. Baruti aliificha ndani ya chupi, na mashine ya kunasa vyuma haioni baruti isiyo na chuma. Marekani ikaharakisha kufunga mashine za kukagua mwili mzima. Baadhi yake zilimwonyesha mkaguzi umbo la abiria kana kwamba hana nguo.

Watu walilalamika, na kelele zao zikazaa matunda. Bunge la Marekani liliagiza mashine zitumie mchoro mmoja kwa abiria wote, wenye alama pale tu penye shaka. Zilizoshindwa kutimiza sharti hilo ziliondolewa kwenye viwanja vya ndege mwaka 2013.

Kwa hiyo anayetuambia tuchague moja, usalama au staha, anatupotosha. Bado kuna kazi: mwenye mfuko wa choo tumboni huwekewa alama kama mwenye silaha. Huyo apelekwe faraghani, akaguliwe na mtu wa jinsia yake, aelezwe kila hatua kabla hajaguswa. Wakuu wa viwanja, hilo halihitaji mashine mpya. Linahitaji amri yenu.