Rimu ing'ae, na wewe ubaki mzima



Ukipita Jules Street, kuelekea Malvern, utaona magari ya kuuza yamepangwa, na kinachovuta macho kwanza ni rimu. Kuzipaka rangi ni kazi unayoweza kuianza na vifaa vichache. Lakini sikiliza kwanza.

Anza kwa kukagua. Barabara zina mashimo, na shimo huacha ufa. Rangi huficha ufa, haiuzibi. Rimu yenye ufa mrudishie mwenyewe, hata kama pesa ameshaitoa mfukoni.

Osha grisi na vumbi jeusi la breki. Piga msasa wa maji, namba 400, mpaka utelezi wote utoke. Puliza praima, kisha rangi, kisha vanishi, kila moja kwa matabaka membamba, ukisubiri dakika kumi hivi kati ya tabaka na tabaka. Ukipuliza nene, itatiririka. Mwezi wa Juni na Julai usipulize asubuhi na baridi. Ngoja jua lipashe rimu. Wakati wa joto, maliza kabla ya mvua ya radi ya alasiri.

Usipake pale nati zinapokalia, wala upande wa nyuma unaogusana na habu. Rangi ya hapo husagika, nati hulegea, na gurudumu huweza kuchomoka. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100, uzikaze tena.

Sasa lililo zito. Vanishi inayong'aa na kudumu zaidi ni ile ya kuchanganywa na hadina. Ndani yake mna isosayanati, kemikali inayoweza kukuletea pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii. Karakana zilizo kamili humvalisha fundi barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, tumia vanishi ya kopo isiyo na hadina, ukiwa nje, na umwambie mteja ukweli kwamba haitadumu sana. Na usipulize kamwe ndani ya chumba mnamolala na watoto.

Kama kifua kinabana au unakohoa usiku baada ya kazi, nenda kliniki, na umwambie nesi kwamba unapuliza rangi. Asipojua hilo, atakupa dawa ya mafua tu.