Chakula cha Mwenzako Kinaliwaje?



Ndege kutoka Beijing mpaka Shanghai huchukua saa mbili hivi. Asubuhi moja, kwenye viti vya mbele vya bei kali, niliandaliwa uji wa mchele usio na sukari, mboga zilizochachushwa kwa chumvi, na mkate mweupe uliopikwa kwa mvuke. Ulimi wangu ulitafuta sukari. Nikamtazama jirani: alitia mboga kidogo kidogo ndani ya uji. Nikafanya vile, ukanoga. Kumbe kule China uji huo hupewa hata mtoto na mgonjwa.

Sasa ninyi mliokusanyika kambini, huyu ugali wa muhogo, yule wa mahindi: mara ngapi mnasikia, "Watu hawa wanakula nini?" Anayecheka chungu cha mtu amemcheka mama yake, na ugomvi huanzia hapo. Mama mwenyeji, uliza: "Hii inaliwaje?" Mama mgeni, usione haya kuonyesha. Nawe kiongozi, kabla ya kugawa chakula, uliza kama watu wanajua kukipika.