Farasi Asiyetegemewa na Hesabu Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya matumizi ya hesabu nje ya darasa. Nimechagua mbio za farasi. Kwetu si mchezo wa kila siku, ingawa jirani zetu wa Nairobi wanao uwanja wa Ngong tangu mwaka 1954. Faida yake kwetu leo ni kwamba kila farasi ana rekodi yake iliyoandikwa, na ana bei yake. Kazi ni kulinganisha vitu hivyo viwili.

Tarehe 7 Mei 2022, huko Louisville, Marekani, farasi aitwaye Rich Strike alishinda Kentucky Derby kwa bei ya 80 kwa 1. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 163.60. Habari kama hiyo huwafanya watu waseme kwamba mali iko kwa farasi wanyonge. Basi na tuitazame rekodi yake.

Kabla ya siku ile alikuwa amekimbia mara 7. Alishinda mara 1, akawa wa tatu mara 3. Msomaji makini angeona pia kwamba alizoea kuanza nyuma na kuongeza mwendo mwishoni, na kwamba Derby, yapata mita 2,000, ilikuwa ndefu kuliko mbio zake zote za awali. Siku hiyo walioongoza walimaliza nusu maili ya kwanza kwa sekunde 45.36. Wakachoka, naye akawapita.

Kwa hiyo sababu zilikuwapo. Lakini kuuliza kama farasi anaweza kushinda hakutoshi. Tuulize: katika mbio 81 za namna hiyo, angeshinda ngapi? Ukiweka shilingi 100 juu ya farasi 81 wa bei ya 80 kwa 1, umetoa shilingi 8,100. Akishinda mmoja, unarudishiwa shilingi 8,100 zile zile. Ili upate faida lazima washinde zaidi ya mmoja. Na bei yenyewe imekwisha kupunguzwa, maana huko Kentucky zaidi ya asilimia 15 ya fedha za washindani hukatwa kabla ya malipo.

Mwaka 1949 mwanasaikolojia R. M. Griffith alionyesha kwamba wachezaji wa Marekani huwathamini mno farasi wasiotegemewa, na huwapunja wale wanaotegemewa. Tamaa ya malipo makubwa kwa fedha kidogo huishusha bei kupita haki.

Anayetaka kupima farasi wa aina hii asitazame nafasi aliyomaliza tu. Atazame urefu wa mbio, aina ya uwanja, uzito aliobeba, na wapinzani wake. Andrew Beyer, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alifundisha kusahihisha muda wa farasi kwa kuangalia kama uwanja siku hiyo ulikuwa mwepesi au mzito. Baada ya yote hayo, kama nafasi uliyoipata haizidi ile iliyomo katika bei, funga daftari. Mara nyingi utalifunga.

Naye Rich Strike, baada ya Derby, alikimbia mara 5 zaidi. Hakushinda hata mara moja.

Wadogo zangu, ninyi hamchezi farasi, lakini najua mkeka wa mpira mnaujua. Mechi 5, kila moja ikiwa na nafasi nusu kwa nusu, hutimia zote mara 1 katika 32. Anayekuonyesha tiketi iliyolipa, mwombe akuonyeshe na zile 31. Kisha uitazame nauli yako ya kurudi nyumbani, uamue.